Diski imeanguka ikiwa inanakili, sasa inagonga: nitajuaje kilichovunjika ndani?

Swali: "Nina studio ndogo ya video hapa Tororo. Wiki iliyopita diski yangu ya nje, ile ndogo ya TB 1, ilivutwa na waya ikaanguka kutoka mezani hadi kwenye sakafu ya saruji. Ilikuwa inanakili. Sasa nikiichomeka inazunguka, inagonga tak-tak-tak mara kadhaa, kisha inanyamaza, na kompyuta haioni kitu. Ndani kuna kwanjula mbili (sherehe za utambulisho wa wachumba) na harusi moja ambazo sijawakabidhi wenyewe. Kijana wa duka la simu ameshabandua kasha la plastiki, na sasa anataka tufungue chuma chenyewe 'tuone', au tuiweke kwenye friza usiku mmoja. Nitajuaje kilichoharibika ndani? Na je, kuna kupona?"

Dada yangu, pole. Kabla hujafika mstari wa pili: kama diski bado imechomekwa, ichomoe. Kisha mwombe huyo kijana aweke bisibisi chini. Simdharau. Nami nilianza hivyo hivyo, na diski ya kwanza niliyoifungua kwa hamu ya "kuona" niliiua kwa mikono yangu, juu ya meza iliyokuwa na makombo ya chapati. Ila kujua kilichovunjika ni kazi moja na kukitengeneza ni nyingine, na ile ya kwanza karibu yote hufanyika kifuniko kikiwa bado kimefungwa.

Tuanze na kilichomo. Ndani ya hicho kisanduku cha chuma kuna sahani moja au mbili, zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia. Katika diski za inchi 2.5 kama yako, mara nyingi ni kioo kweli, kilichopakwa utando mwembamba wa sumaku. Bibi harusi, wazee wa pande mbili, ngoma na hotuba, vyote viko kwenye utando huo. Sahani huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na ukingo wake hukimbia kama kilomita 66 kwa saa: mwendo wa boda anayemuwahisha abiria mpakani Malaba. Juu yake huelea vichwa vya kusomea, kila uso wa sahani na kichwa chake, vikishikwa na mkono mwembamba unaokwenda na kurudi. Vichwa havigusi sahani. Vinabebwa na hewa inayoburutwa na mzunguko, kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya vumbi jekundu la barabara zetu za murramu ina nanomita elfu kadhaa, na kwa kichwa kile ni kichuguu katikati ya lami.

Sasa tupige hesabu ya anguko lako. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75. Kitu kikianguka kimo hicho kikasimamishwa na saruji ndani ya nusu milimita, nguvu inayokikuta ni 75 ukigawa kwa 0.05, yaani mara 1500 ya uzito wake. Kingeangukia zulia nene linalobonyea sentimita moja, ingekuwa mara 75 tu. Karatasi za kiwanda za diski ndogo huandika kwamba zinavumilia mara 300 hadi 400 hivi zikiwa zinazunguka, na kama mara 1000 zikiwa zimezimwa. Ndiyo maana mtu huangusha diski kitandani mara kumi bila kupata tatizo, halafu mara moja tu kwenye saruji mambo yakaisha. Si bahati mbaya.

Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo inayonihangaisha zaidi katika barua yako. Diski ndogo ikizimwa, mkono hurudisha vichwa pembeni na kuviegesha kwenye kijiti cha plastiki nje kabisa ya sahani. Ikianguka hapo, hofu ni mhimili wa mota kupinda, au vichwa kuruka kutoka maegesho na kulalia sahani. Yako ilikuwa inanakili. Vichwa vilikuwa uwanjani, juu ya sahani inayokimbia, na kishindo kiliviinua na kuvipigiza. Kwa hiyo swali la msingi si kama kichwa kimeumia, maana hilo nalikubali bila kuiona. Swali ni kama sahani imekwaruzwa. Vichwa huletwa vingine, mota hukwepwa, bodi (ule ubao wa vidude vya umeme ulio nje ya kisanduku) hubadilishwa, lakini sahani haina spea. Ndiyo mali yenyewe. Vingine vyote ni vyombo vya kuifikia.

Uchunguzi huanza kwa sikio. Makanika wa magari huweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, na sisi hufanya vivyo hivyo, kwa mkono mwepesi, ncha ikigusa kifuniko cha chuma, kamwe si upande wa bodi. Diski huwekwa bapa juu ya kitambaa, huwashwa sekunde kumi tu, na katika sekunde hizo inasimulia mengi.

Ikiwa kimya kabisa, bila mtetemo hata ukigusa kwa kidole, umeme haujafika kwenye mota, na mara nyingi kosa ni la bodi. Mimi hufurahi nikipata diski ya namna hiyo, nitakueleza sababu baadaye. Ikilia tii-tii ndogo kama mbu aliyenaswa, au ikanguruma kidogo na kukata, mota inasukuma na sahani haizunguki. Ama vichwa vimelala juu ya sahani na kugandamana nayo, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyokataa kuachana, ama mhimili umekwama. Wengi hapo huichukua diski wakaitikisa. Wakifanikiwa kuiachanisha kwa nguvu, mara nyingi huwa wameng'oa kichwa.

Ikizunguka sawasawa, ikatulia, lakini kompyuta ikasubiri dakika nzima au ikaonyesha GB 0, vichwa vinasoma nusunusu, au programu ya ndani ya diski imeharibika. Watu wengi hawajui kwamba programu hiyo haikai kwenye bodi pekee. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye sahani, mahali ambapo kompyuta yako haipaoni. Diski inapaswa kuisoma kwanza kabla ya kujua hata jina lake na ukubwa wake.

Kugonga kama kwako maana yake ni hii: mkono unatoka, vichwa vinatafuta alama za njia zilizoandikwa kiwandani, havizioni, mkono unarudi na kugonga kizuizi. Tak. Unajaribu tena. Tak. Baada ya majaribio kadhaa bodi inakata tamaa na kuzima mota. Kugonga huko kunaweza kumaanisha vichwa vimekufa, au kile kidude kidogo cha kukuza ishara kilicho kwenye mkono kimeungua, au vichwa ni vizima ila alama zenyewe zimefutwa na mkwaruzo. Kwa sikio peke yake ni vigumu kuzitofautisha, na fundi anayekuambia kwa simu kwamba ni hiki au kile anapiga ramli.

Kuna sauti moja ambayo haihitaji mjadala: mkwaruzo, kama kisu kwenye kinoo, au mluzi mwembamba unaopanda na kushuka. Ukiisikia, zima kabla hujamaliza kuisikia. Kichwa kilichokatika kimegeuka patasi na kinachonga utando. Zidisha mara 90 kwa sekunde: dakika moja tu ni mizunguko 5400 juu ya data zako. Yaliyogeuka unga hapo hayazoleki.

Wewe umeandika "nikiichomeka". Sijui umeichomeka mara ngapi, na sikuulizi ili nikulaumu. Isiongezeke.

Kabla sijaenda mbali, kuna kisa kimoja cha kugonga kisicho na ubaya, nakitaja kwa ajili ya wasomaji wengine ambao diski zao hazikuanguka. Tundu la USB 2.0 hutoa nusu ampea tu, la USB 3.0 hutoa 0.9, na diski ndogo inapoanza kuzunguka yaweza kuhitaji karibu ampea nzima kwa muda mfupi. Waya mrefu wa bei poa, au tundu la mbele la kompyuta ya mezani lililochoka, huifanya ijaribu, ikose nguvu, igonge na kuzima. Jaribu mara moja, waya mfupi mzuri, tundu la nyuma. Mara moja. Iliyoanguka kwenye saruji haina haja hata ya jaribio hilo.

Baada ya sikio huja umeme. Nina kimita kidogo cha USB kinachoonyesha ampea, na ni nafuu kiasi kwamba kila fundi wa simu angeweza kuwa nacho. Kikisoma karibu sifuri, bodi imekufa. Kikipanda, kikashuka, kikapanda tena bila sahani kuzunguka, mota imekwama. Kikipanda kisha kikatulia, mota ni nzima na tatizo liko mbele yake. Hakuna kilichofunguliwa, na tayari nimejua nusu ya hadithi.

Nilisema hufurahi nikiletewa diski iliyo kimya. Kwenu Tororo mtanielewa upesi: rekodi za kati ya 1967 na 1976 zilihesabu huko wastani wa siku 251 zenye ngurumo kwa mwaka, na radi haihitaji kupiga nyumba yako ili ikutie hasara, inatosha ipige laini ya umeme. Bodi ya diski ina dayodi za kinga, na kazi yake ni kufa kwanza. Volti zikizidi, dayodi hujifunga na kupeleka umeme wote chini, diski inazimika kabisa, na sahani hata haina habari. Mwalimu mmoja aliniletea diski kubwa ya mezani, ile yenye adapta ya volti 12, aliyoichomekea adapta ya kompyuta yake yenye volti 19 kwa kuwa ncha ya waya iliingia tunduni. Alisikia harufu, kisha kimya. Aliibeba kwa mikono miwili kama maiti ya mtoto. Niligusisha mita kwenye dayodi, ikalia pande zote mbili, yaani imejifunga. Nikaitoa, nikawasha kwa umeme niliopima, diski ikaamka na mitihani yake yote ya miaka sita ikiwemo. Kazi ya saa moja. Kazi yako haitakuwa hivyo, na sitaki nikupe matumaini ya mtu mwingine.

Nichomeke onyo hapa, kwa sababu ni kosa ninaloletewa kila mara. Fundi akihisi bodi imekufa, hutafuta diski inayofanana, akahamisha bodi, akaona inagonga, akasema "basi, imekufa kabisa". Haikufa. Kwenye bodi kuna kidude chenye miguu minane kilichobeba vipimo vya diski ile moja tu, jinsi vichwa vyake vinavyoelea na kusoma. Bodi ya jirani haivijui. Lazima kidude hicho kihamishwe kwa chuma cha kulehemu au kinakiliwe. Na diski nyingi za nje za siku hizi zina tundu la USB lililoungwa moja kwa moja kwenye bodi, nyingine zikifunga data kwa ufunguo ulio kwenye bodi hiyo hiyo. Ukiitupa bodi umetupa ufunguo. Kwa hiyo kijana akikurudishia diski, hakikisha bodi ni ile ile.

Sasa, kufungua. Huwa nafungua mwisho, na si mezani. Kuna boksi lenye feni na kichujio kizito kinachosukuma hewa safi kuelekea kwangu. Kipimo cha kimataifa kinachotakiwa kwa kazi hii kinaruhusu chembe zisizozidi 3,520 za nusu mikromita au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa. Chumba cha kawaida kina mamilioni. Hata skrubu zenyewe zina mitego: katika baadhi ya modeli, skrubu moja ya kifuniko, mara nyingi iliyofichwa chini ya lebo, ndiyo inayoshika mhimili wa mkono. Ukiilegeza tu, diski nzima huanza kugonga kwa sababu mkono haupo tena mahali pake. Tazama yako: lebo imetobolewa? Kuna alama ya bisibisi kwenye ukingo wa kifuniko? Kama lebo ni nzima, tunashukuru, kijana aliishia kwenye plastiki.

Kifuniko kikitoka, wengi hukimbilia kutazama sahani. Mimi hutazama kwanza pembeni, kwenye kona, ambako kuna kitambaa cheupe kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ni kichujio cha ndani. Hewa yote inayozungushwa na sahani hupitia pale, na lolote linalochongwa huishia pale. Kikiwa cheupe kama pamba, napumua. Kikiwa na kivuli cha kijivu upande mmoja, najua kuna mahali pamekwanguliwa. Kikiwa cheusi, huwa nanyamaza kwanza nikitafuta maneno ya kumwambia mwenye mali.

Nikumbuke moja. Mpiga picha kutoka Mbale alikuja na diski inayogonga, sawa na yako kwa ukubwa na kwa namna ilivyoanguka. Kwa siku tatu alikuwa akiichomeka asubuhi na jioni, "labda leo itakubali". Nilipofungua, kichujio kilikuwa kama utambi wa kibatari. Nikazima taa ya dari, nikaleta tochi kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya sahani badala ya kuipiga usoni. Hapo ndipo mkwaruzo huonekana. Sehemu iliyobaki ya sahani haikuonyesha kitu ila sura yangu. Lakini karibu na ukingo kulikuwa na duara moja, pana kama uzi wa kushonea, limezunguka kamili bila kukatika, kama alama ya kikombe cha chai juu ya meza ya kioo. Ndani ya duara hilo hapakuwa na mng'ao. Utando ulikuwa umekwisha, unaona kioo kitupu. Nikageuza mkono chini ya hadubini. Kila kichwa hukaa kwenye kijiwe kidogo kisichofika milimita moja, punje ya ulezi ni jitu mbele yake. Vitatu vilikuwepo. Cha nne hakikuwepo, palibaki kijisahani cha chuma kilichopinda, na kijiwe chenyewe nilikipata chini ya sahani, kimelala pembeni ya mota.

Ninachoamini, ingawa siwezi kumthibitishia, ni kwamba siku ya kwanza duara lile lilikuwa kipande kidogo tu. Siku tatu za "labda" zililikamilisha.

Kama sahani ni safi na vichwa ndivyo vibovu, kazi ni kutafuta diski ya spea na kuhamisha mkono mzima wenye vichwa vyake. Spea lazima iwe ya modeli ile ile, toleo lile lile la programu ya ndani, na mara nyingi hata tarehe ya kutengenezwa iwe karibu. Hapo ndipo pesa na siku zinapokwenda. Nimewahi kusubiri wiki nyingi kwa spea moja, nikizunguka kwa wauza kompyuta kuukuu wa Kampala na lebo kwenye simu. Vichwa vikishahamishwa haviahidi kudumu. Vimezoea sahani nyingine. Kwa hiyo hatufungui faili hata moja. Tunanakili diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, kwenda diski nyingine, tukianza na sehemu rahisi na kuziacha ngumu kwa mwisho. Programu ya bure iitwayo ddrescue hufanya hivyo vizuri, na huweka ramani ya ilikofika ili ukatizapo usirudie ulichokwishapata. Hiyo ndiyo programu ya kutumia pia kwa mtu ambaye diski yake bado inaonekana ila inakwamakwama. Chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski, je? Hapana. Chkdsk hukarabati orodha ya mafaili kwa kuandika juu ya diski inayokufa, na humchosha mgonjwa kabla hajafika kwa daktari.

Kwa hao wenye diski zinazoonekana, zipo pia takwimu ambazo diski hujiwekea yenyewe, zinazosomwa kwa programu kama CrystalDiskInfo. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, 197 huhesabu zinazosubiri hukumu. Zikipanda kila siku, nakili leo. Namba 199 ikipanda peke yake, badilisha waya kabla hujalia. Yako haijibu, kwa hiyo hazikuhusu.

Na kuna jambo la aina ya faili, ambalo kwa kazi yako ni gumu kidogo. Diski haijazi uso mmoja wa sahani kisha ukaenda wa pili; hupanga data kwa vipande, kidogo uso huu, kidogo uso ule. Chukua diski yenye vichwa vinne, kimoja kimekufa. Katibu wa shule aliyehifadhi barua za Word atapata barua zake nyingi nzima, kwa sababu barua ndogo hukaa kwenye kipande kimoja. Video ya harusi yenye GB 20 imetandazwa juu ya nyuso zote nne. Ukiisoma kwa vichwa vitatu inatoka na mashimo tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kwa mpiga video ninang'ang'ania vichwa vyote, na ndiyo maana mkwaruzo mmoja kwenye uso mmoja humuumiza yeye kuliko mwalimu. Lakini mkwaruzo ukiwa duara jembamba tu, shimo ni la sekunde chache hapa na pale, na hilo mhariri mzuri hulifunika kwa picha ya keki.

Kuna mfano ninaoupenda. Chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika Februari 2003 kikirudi duniani, diski ndogo ya takriban MB 340 iliyokuwa ndani yake ilianguka ardhini imeungua, plastiki zake zimeyeyuka. Wataalamu wa Marekani walitoa sahani, wakazisafisha, wakazitia kwenye kiunzi kipya, wakapata karibu asilimia 99 ya data. Sahani ziliumia mahali ambapo hapakuwa bado na data. Yako inang'aa kwa nje kama mpya, na yaweza kuwa na hali mbaya kuliko ile. Sura ya nje ya diski haisemi kitu.

Sasa lile friza. Wazo hilo lina asili yake: diski za zamani zilizogandamana vichwa wakati mwingine ziliachia chuma kiliposinyaa kwa baridi. Watu wakaligeuza kuwa dawa ya kila ugonjwa. Diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia, lenye kichujio cha vumbi, lakini unyevu hupita. Ukiitoa kwenye friza ukaileta kwenye hewa yetu, umande utatua juu ya sahani kama unavyotua juu ya chupa ya soda, na wewe utakuwa unaiwasha. Kichwa kinachoelea nanomita chache kitakutana na tone la maji kwa kilomita 66 kwa saa. Kuipigapiga ni hivyo hivyo. Mchele nao, ule wanaofukia simu zilizolowa, tuuache jikoni.

Nikikadiria hali ya yako kwa ulichoandika: mota ni nzima, kwa sababu inazunguka. Bodi huenda ni nzima, kwa sababu inajaribu na kukata tamaa kwa utaratibu. Kichwa kimoja au zaidi kimeumia. Hukutaja mkwaruzo wala mluzi, na hilo ndilo linalonipa moyo. Kama uliichomeka mara mbili tatu tu, inafaa kabisa kuisafirisha. Kama ni mara ishirini, inafaa bado, lakini waandae wenye harusi.

Popote utakapoipeleka, iwe kwangu au kwa mwingine, muulize fundi mambo mawili kabla hujamkabidhi: anafungulia wapi, na atakupa matokeo ya uchunguzi kabla ya kukutajia bei ya kazi? Anayekutajia bei kwa kuona lebo tu, mshukuru uondoke. Na kwa kuwa ndani kuna nyuso za watu wengine, andikiana naye kwamba nakala haibaki kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, nawe ndiye uliyekabidhiwa picha hizo.

Safari ya kutoka kwenu hadi hapa Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Izungushie kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa nailoni unaozalisha umeme, uiweke ndani ya boksi gumu lenye sponji pande zote, na uipakate. Usimpe kondakta aitupe kwenye buti, wala usiifunge kwenye keria ya boda ukishuka. Njoo na waya wake, na kasha la plastiki alilobandua kijana, na skrubu yoyote iliyobaki pale mezani. Kama alishafungua kifuniko cha chuma, hata kwa dakika moja, niambie. Sitagomba, ila nitajua nianzie wapi.